Kutoka Masjala hadi Kompyuta: Historia ya Ujuzi wa Mtunza Nyaraka kwa Mintarafu ya Utemini na Mkoa wa Singida

Utangulizi

Utemini ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, na jina lake lilikuwa kumbukumbu kabla ya kuwa anwani. Kimofolojia jina hilo limejengwa kwa kanuni za Kiswahili: kiambishi u- cha ngeli ya dhana, shina -temi, na kiambishi tamati -ni cha mahali. Ni mahali penye utemi. Neno mtemi limeenea katika lugha za magharibi na kati ya Tanzania, hususan Kisukuma na Kinyamwezi, na wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kukata, iwe ni kukata pori ili watu wapate makazi, au kukata shauri.

Jambo la kuzingatiwa ni kuwa Wanyaturu, ambao ndio wenyeji wa eneo hilo, hawakuwa na mtawala mkuu mmoja kabla ya ukoloni. Harold K. Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, anaeleza jamii ambayo mambo yake yaliamuliwa na wazee wa koo na wa vijiji. Utemi wenye mipaka, makarani na hazina ulikuzwa na utawala wa kikoloni, hasa baada ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, na ulifutwa na serikali huru mwaka 1963. Umri wake kama taasisi ya kiserikali haukufika hata miaka 40 ya utawala wa Waingereza, lakini jina limebaki katika ramani na katika vitambulisho vya watu.

Anayetaka kujua utemi huo ulikuwa na mipaka gani, ulikusanya kodi gani na uliamua mashauri gani hana budi kwenda kwenye nyaraka. Hapo ndipo swali la mhadhara huu linapozuka. Linapotajwa suala la ujuzi wa teknolojia kwa watunza nyaraka, mara nyingi hoja huanza na kuishia kwenye kompyuta: nani anajua kutumia skana, nani anajua kuingiza taarifa katika kanzidata. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mtazamo huo ni mfupi. Kila kizazi cha nyaraka kimeandikwa kwa teknolojia yake, yaani mwandiko, namna ya kufunga majalada, mashine na fonti, na kila teknolojia imehitaji mtu aliyeijua ya zamani na ya mpya kwa pamoja. Pale mtu huyo alipokosekana, waraka ulibaki rafuni ukiwa bubu. Singida ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu historia yake iliandikwa kwa miandiko mingi na kwa lugha ambayo wengi wa waandishi hao hawakuisikia vizuri.

Miandiko miwili ya dola moja

Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita kusini mwa nchi ya Wanyaturu, na Wajerumani walipoingia bara waliweka maboma yao kwa kuifuata njia hiyo. Kilimatinde na Mkalama, ambazo leo ziko katika Mkoa wa Singida, zote zilikuwa na maboma ya Kijerumani. Utawala huo uliendeshwa kwa karatasi, na karatasi zenyewe zilikuwa za namna mbili.

Namna ya kwanza ni zile zilizoandikwa Kijerumani na maofisa wenyewe. Mwandiko wao wa mkono uliitwa Kurrent, na herufi zake hazifanani na zile zinazofundishwa shuleni leo. Herufi e hufanana na n, herufi s ina maumbo tofauti kulingana na mahali ilipo katika neno, na u hutambulishwa kwa kialama juu yake. Mjerumani wa leo aliyesoma hadi chuo kikuu hawezi kuusoma mwandiko huo mpaka afundishwe. Kujua Kijerumani pekee, kwa hiyo, hakutoshi kumfungulia mtu jalada la mwaka 1905.

Namna ya pili ni barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zilizopelekwa na maakida, majumbe na wafanyabiashara. C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya aina hiyo mjini Berlin mwaka 1892, na kazi yake inaonyesha jinsi utawala mpya ulivyolazimika kutumia ustaarabu wa uandishi uliokuwako tayari. Hati hizo nazo zina mitego yake. Kiarabu kina irabu tatu fupi, Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo i na e huweza kuandikwa kwa alama moja, na u na o vivyo hivyo. Herufi moja ya b huweza kusimama badala ya b, p au mb. Msomaji hulazimika kuamua kwa muktadha, na asiyekijua Kiswahili cha wakati ule huamua vibaya. Serikali ya Kijerumani ilianza kusisitiza hati za Kilatini kupitia shule zake, Tanga ikiwa mbele, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilichapishwa huko kwa hati hizo. Ndani ya muda wa mtu mmoja kuzaliwa na kukua, ustadi wa kuandika barua ya kiserikali kwa hati za Kiarabu ukawa umepoteza soko lake. Hili halikuwa badiliko dogo kuliko lile la taipureta kupisha kompyuta.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza sehemu ya nyaraka za utawala wa Kijerumani ilifichwa ardhini na kufukuliwa baada ya vita. Zilizosalia zilikaa kwa miongo kadhaa bila mpangilio wa maana, kwa sababu maofisa wa Kiingereza walizihitaji hasa kwa ajili ya hati za ardhi. Nyaraka za Taifa zilianzishwa kwa waraka wa Rais mwaka 1963 na kupewa sheria yake mwaka 1965. Kazi ya kuzipanga nyaraka za Kijerumani ilifanywa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Ujerumani, na orodha yake, iliyoandaliwa na Eckhart G. Franz na Peter Geissler, ilichapishwa Marburg mwaka 1973 katika juzuu mbili. Mwaka 1997 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo katika Rejista ya Kumbukumbu ya Dunia.

Orodha hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, na bila yake watafiti wengi wasingefika popote. Hata hivyo, imeandikwa kwa Kijerumani. Majina ya mahali yameandikwa kwa tahajia ya wakati ule: Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Moshi ni Moschi, Arusha ni Aruscha, Bagamoyo ni Bagamojo, na Lushoto haipatikani kabisa kwa sababu iliitwa Wilhelmstal. Mwanafunzi wa Singida anayeketi mbele ya kompyuta na kuandika jina la mahali kwa tahajia sanifu ya leo ataambiwa kuwa hakuna kitu. Mashine haikosei, imetafuta alichoambiwa itafute.

Kitabu cha Wilaya na mashine ya chapa

Waingereza walileta utaratibu mwingine. Jalada la Kijerumani, kwa desturi ya Prussia, lilishonwa kwa uzi. Karatasi iliyoshonwa haihamishwi kirahisi, na mpangilio wake ni ushahidi. Jalada la Kiingereza lilitobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba fupi, dokezo zikiwa upande wa kushoto na barua upande wa kulia, kila barua ikiwa na nambari ya folio. Karani yeyote wa masjala nchini Tanzania anaujua utaratibu huo, kwa kuwa ndio uliorithiwa. Folio ya 14 ikifuatiwa na ya 16, anajua kuwa kuna barua imetolewa. Huo ni uvumbuzi wa kiteknolojia usiohitaji umeme, nao umeokoa haki za watu wengi kuliko inavyosemwa.

Katika miaka ya 1920, wakati wa Gavana Donald Cameron, kila wilaya ilitakiwa kuweka Kitabu cha Wilaya. Ndani yake ofisa aliandika desturi za wenyeji, nasaba za watawala, sheria za ardhi na ndoa, mipaka, mvua na magonjwa ya mifugo. Sehemu nyingine zilipigwa chapa, nyingine ziliandikwa kwa mkono na ofisa aliyefuata, ambaye pengine hakukubaliana na aliyemtangulia. Vitabu hivi vya Tanganyika baadaye vilinakiliwa katika maikrofilamu, na nakala zikapelekwa nje, ikiwamo maktaba ya chuo cha SOAS mjini London. Ni jambo la kufikirisha kwamba kwa miaka mingi imekuwa rahisi zaidi kwa mwanafunzi wa London kusoma yaliyoandikwa kuhusu utemi wa Singida kuliko kwa kijana aliyezaliwa Utemini.

Maikrofilamu yenyewe haistahili dharau inayopewa leo. Filamu nzuri ya poliesta, ikiwekwa mahali pakavu na penye baridi, hudumu kwa karne kadhaa, na kuisoma kunahitaji taa na lenzi tu. Zile za zamani zilizotengenezwa kwa asetati huoza na kutoa harufu kali ya siki, na filamu moja iliyooza huziambukiza jirani zake ndani ya kabati. Mtunza nyaraka hujua hatari hiyo kwa pua kabla ya kuiona kwa macho. Hewa ya Singida, kwenye uwanda wa juu wenye ukame wa miezi mingi, ni rafiki wa karatasi na filamu kuliko unyevu wa Dar es Salaam. Adui mkubwa wa huko ni mchwa na vumbi.

Mashine ya chapa ilikipenda Kiswahili, kwa sababu lugha hii huandikwa kwa herufi zote zilizomo katika kibao cha Kiingereza bila alama za ziada. Chuo cha Uhazili Tabora kilifundisha vizazi vya makatibu upigaji chapa na hatimkato. Daftari la hatimkato la katibu wa miaka ya 1970 ni waraka halisi wa mkutano, pengine wenye maneno yaliyoachwa katika muhtasari rasmi. Lakini ni wachache mno leo wanaoweza kulisoma. Mwaka 2000 chuo hicho kiliunganishwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, ambacho kina kampasi Singida pia na hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo nacho kimetoa wataalamu wengi. Ingefaa mojawapo ya vyuo hivyo ifundishe hatimkato kama mwandiko wa kusoma, ijapokuwa hakuna tena ofisi inayohitaji kuuandika.

Lugha moja, majina kumi

Lugha ya wenyeji wa Utemini haikuwa na bahati hiyo mbele ya mashine. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, kina irabu saba. Katika uainishaji wa Guthrie kimepewa nambari F32, jirani ya Kinilamba chenye F31. Howard S. Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, alichapisha uchambuzi wa fonolojia na mofolojia yake mwaka 1964. Irabu mbili kati ya hizo saba ziko baina ya i na e, na baina ya u na o, kwa namna ambayo sikio la Mswahili, Mjerumani au Mwingereza huziweka upande mmoja au mwingine bila kujua. Inaelekea hapo ndipo ilipotoka tofauti ya Rimi na Remi, Kirimi na Keremi. Sauti ya r nayo ilisikiwa na wengine kuwa l, tukapata Limi na Walimi. Eberhard von Sick, aliyechapisha maelezo yake katika jarida la Baessler-Archiv wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliandika Waniaturu na Walimi pamoja katika kichwa cha makala. Waingereza walipendelea Turu. Kiswahili kinasema Mnyaturu. Wenyewe husema Arimi.

Kwa msomaji wa fasihi haya ni mambo ya kupendeza. Kwa mtunza nyaraka ni kazi ya kila siku, na ndiyo sehemu ya teknolojia ambayo mashine haiwezi kumfanyia. Kanzidata hulinganisha herufi kwa herufi. Iwapo jalada moja limeorodheshwa chini ya Turu, la pili chini ya Nyaturu, la tatu chini ya Rimi na la nne chini ya Walimi, basi kwa mashine hayo ni makabila manne yasiyojuana. Dawa yake ni orodha ya majina idhinishwa: jina moja huchaguliwa kuwa kuu, na mengine yote huelekezwa kwalo pamoja na maelezo ya nani aliyatumia na lini. Baraza la Kimataifa la Nyaraka limetoa viwango vya kazi hiyo, ISAD(G) cha mwaka 1994 kwa maelezo ya nyaraka na ISAAR(CPF) cha mwaka 1996 kwa majina ya watu, koo na taasisi. Kwa upande wa lugha, kiwango cha ISO 639-3 kinaipa Kinyaturu msimbo rim. Mtunza nyaraka akiuandika msimbo huo katika maelezo ya kila waraka unaohusika, majina yote kumi hukutana mahali pamoja bila kufuta hata moja. Kufuta tahajia ya zamani ili orodha ipendeze ni kosa, kwa sababu tahajia yenyewe hueleza nani alisikia nini.

Mfano wa uzito wa jambo hili ni masimulizi ya Liti. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wanyaturu waliupinga utawala wa Kijerumani, na masimulizi ya Singida yanamtaja mwanamke huyo kuwa aliwatumia nyuki dhidi ya askari. Marguerite Jellicoe alichapisha makala kuhusu upinzani wa Waturu katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969, akitumia masimulizi ya wazee. Leo uwanja wa mpira wa Singida umepewa jina la Liti. Jina lake limepata pia kuandikwa Leti. Mtafiti anayetaka kulinganisha masimulizi hayo na ripoti za maofisa wa Kijerumani anahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: kusoma Kurrent, kujua fonolojia ya Kirimi ili akisie ofisa alisikia na kuandika nini, na kujua kuiuliza kanzidata maumbo yote yanayowezekana. Ni nadra mtu mmoja kuwa na yote matatu. Idara inaweza kuwa nayo, ikiajiri kwa kufikiria hivyo.

Hata herufi zenyewe zilipata shida. Katika lugha kadhaa za Tanzania zenye irabu saba, kama Kirangi cha Kondoa, waandishi wamezoea kutumia ɨ na ʉ. Kwenye mashine ya chapa mkwaju huo uliongezwa kwa kalamu, na makarani wengi hawakujisumbua. Kompyuta zilipofika, wanaisimu na watafsiri wa miaka ya 1990 walitumia fonti maalumu zilizobandika herufi hizo juu ya nafasi za alama nyingine. Faili la namna hiyo likifunguliwa leo bila fonti yake, irabu hugeuka alama zisizo na maana, na asiyejua chanzo chake hudhani faili limeharibika. Halijaharibika. Linahitaji jedwali la ubadilishaji kwenda Unicode, mfumo ulioanza mwaka 1991, ambamo ɨ ina nafasi yake ya kudumu yenye nambari 0268 na ʉ 0289. Mtunza nyaraka anayejua hivyo huweza kurejesha kamusi nzima kwa siku moja. Asiyejua huifuta. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulikusanya data za lugha nyingi katika kipindi hichohicho cha mpito, na data za aina hiyo popote zilipo zinahitaji uangalizi huo.

Sauti katika kanda

Redio ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na Radio Tanzania Dar es Salaam ya tangu 1965 ilirekodi ngoma na nyimbo za mikoani kwa miaka mingi. Watafiti nao walibeba mashine za kurekodi vijijini. Kanda za sumaku za wakati huo zilizunguka kwa kasi mbalimbali, sentimita 19 au 9.5 kwa sekunde zikiwa za kawaida. Kasi ikikosewa kwa nusu, kila mtu atasikia. Ikikosewa kidogo, kwa sababu mashine ya kuchezea imechakaa, hakuna atakayeshtuka. Lakini urefu wa irabu na sifa yake vitakuwa vimesogea. Katika lugha yenye irabu saba zinazokaribiana na yenye toni, msogeo huo ni hasara ya kisayansi.

Jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi wa sauti, IASA, inashauri kanda zinakiliwe bila kubanwa, kwa vipimo visivyopungua 48,000 kila sekunde, kila kimoja kikiwa cha biti 24. Muundo wa MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizihitaji. Unafaa kusikilizia, haufai kuwa nakala mama. Ushauri huu ni rahisi kuutamka na ni ghali kuutekeleza, kwani saa moja ya sauti kwa kiwango hicho huchukua karibu gigabaiti moja ikiwa ni ya stereo, na lazima iwekwe zaidi ya mahali pamoja. Hata hivyo kanda nyingi zitachezeka vizuri mara moja tu zaidi. Anayezinakili kwa haraka kwa muundo mbaya hufunga mlango ambao atakayemfuata hataweza kuufungua.

Masjala isiyo na karatasi

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 ilibadilisha jambo la msingi. Kabla yake masjala ilikuwa dunia moja na Nyaraka za Taifa dunia nyingine. Karani alitunza, na miongo ilipopita mtaalamu alichagua. Sheria hiyo iliziweka kumbukumbu na nyaraka chini ya idara moja, na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kikajengwa Dodoma, si mbali sana na Singida. Kwa kumbukumbu za kielektroniki muungano huo hauepukiki, kwa maana faili la kompyuta haliwezi kusubiri miaka 30 ndipo mtu alishughulikie. Wakala ya Serikali Mtandao iliundwa mwaka 2012 na kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na mfumo wa Ofisi Mtandao umeingia katika taasisi nyingi. Ndani yake kuna majalada, dokezo na nambari za kumbukumbu vilevile kama katika masjala ya karatasi. Waliousanifu walifanya busara kuufuata utaratibu ambao makarani waliujua.

Hapa ujuzi mpya unahitajika kweli. Mtunza nyaraka anapaswa kujua kuhakiki kwamba faili halijabadilika, kwa kukokotoa nambari ya uhakiki siku lilipopokelewa na kuilinganisha baadaye. Herufi moja ikiguswa, nambari yote hubadilika. Anapaswa kujua muundo wa PDF/A, uliokubaliwa kuwa kiwango mwaka 2005, ambao hubeba fonti zake ndani ili yaliyozipata zile irabu za miaka ya 1990 yasirudie. Anapaswa pia kuijua Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki hutaka kuangaliwa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kusema kweli, mambo haya hujifunzwa kwa miezi michache. Kurrent huchukua muda mrefu zaidi.

Ila mifumo hiyo mikubwa haifiki kote kwa usawa. Ngazi ya kata bado ina daftari, na mfano unaofaa kumalizia ni wa mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1985. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, mabaraza hayo yalipewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mamlaka hayo yaliondolewa kwa marekebisho ya mwaka 2021, na sasa baraza husuluhisha tu. Kwa takriban miaka 20, basi, mashauri ya viwanja na mashamba ya watu wa kawaida yaliamuliwa na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu wao wakiwa wanawake, na mwenendo wake uliandikwa kwa mkono na katibu. Mahakama za juu zimepata kutengua maamuzi kwa sababu kumbukumbu hazikuonyesha majina au jinsia ya wajumbe waliokaa, hata kama walikuwapo. Mtu aliyeshinda shauri alijikuta hana kitu kwa sababu ya mstari mmoja usioandikwa.

Daftari hizo ziko katika ofisi za kata nchini kote, na kila mwaka vumbi na mchwa hupata sehemu yao. Njia ya kawaida ya kuziokoa leo ni simu ya mkononi: mtu hupiga picha ukurasa wa hukumu na kuutuma kwa WhatsApp. Programu hiyo huipunguza picha na kuondoa taarifa za tarehe na kifaa zilizokuwa ndani yake. Ukurasa wa hukumu unapatikana, lakini ule wa mahudhurio, wenye majina ya wajumbe, haukupigwa. Mtunza nyaraka aliyefunzwa angeanza na jalada la nje, apige kila ukurasa kwa mfuatano hata ulio mtupu, aipe kila picha nambari inayofuata nambari za kurasa, na azihamishe picha kwa waya au kadi kama zilivyotoka katika kamera. Simu ni ileile, na muda unaozidi ni wa nusu saa hivi kwa daftari moja.